Viti Vinavyotazamana

Hakuna kochi lililowahi kutoka katika karakana ya Fundi kabla Bibi hajalikalia siku nzima. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba, na aliyeitunga ni Bibi mwenyewe, mama mzazi wa Fundi, tangu mteja mmoja alipomrudishia mwanawe kochi akidai linamtoboa ubavu. Kuanzia hapo kila kazi ikikamilika inatolewa uani, na familia nzima inaikalia kuanzia chai ya asubuhi mpaka jua lipungue. Wanakula juu yake, wanachambua mboga juu yake, wanagombana juu yake, na Bibi anasinzia juu yake mdomo wazi. Kochi likiivumilia siku hiyo, Fundi huwa hana wasiwasi nalo tena, kwa sababu anajua nyumba zenye vurugu kuliko yake ni chache.

Jumamosi ile kilichotolewa uani hakikuwa seti ya sebule ya mtu. Ilikuwa kazi ya chuo, kubwa kuliko zote alizowahi kupata: viti arobaini vya ukumbi wa mapumziko wa wanafunzi uliokuwa unakarabatiwa. Msimamizi wa majengo wa chuo alimpa mchoro uliopigwa mhuri. Ulionyesha safu nne za viti kumi kumi, kila safu imeungwa kwa chuma kirefu, vyote vinatazama ukuta mmoja wenye televisheni, na miguu imefungwa kwa bolti sakafuni. Fundi alikuwa hajawahi kufanyia kazi mchoro wenye mhuri. Aliubandika ukutani kwenye karakana, na kila aliyepita kununua misumari au kupiga soga alioneshwa.

Ua wao ulikuwa mwembamba, hivyo safu ya viti kumi ikagoma kuenea. Wakakata shauri: safu ilikuwa bado nusu mbili hazijaunganishwa, basi vitano viegemee ukuta wa jikoni, vitano viegemee ukuta wa jirani. Halafu wote wanne wakaketi upande mmoja, kama mchoro ulivyotaka: Bibi, Fundi, mkewe ambaye ndiye mshonaji wa vitambaa vyote, na binti yao wa pekee, aliyekuwa mwaka wa kwanza katika chuo hichohicho. Majirani walimbandika jina la Profesa siku matokeo yalipotoka, na jina likamganda.

Wakakaa. Chai ikaja. Kumpa Bibi sukari ilibidi kopo lipite mikono miwili, na Profesa aliyekuwa mwisho akalazimika kuinama mbele kama anachungulia kisima ili aone nani anaongea. Basi akaacha kuchungulia. Saa tatu ikapita, saa nne ikakaribia, na nyumba ile ambayo watu wake hawajui kunyamaza hata wakiwa na homa ilikuwa kimya.

"Mbona tumekaa kama tunasubiri kuitwa majina?" mkewe Fundi aliuliza.

Fundi akamjibu kwamba mchoro umechorwa na watu waliosoma, na kama wamepanga hivyo wana sababu zao. Mkewe akasema sababu anaziona: mtu akikaa hapo hawezi kumwomba mwenzake hata kiberiti. Bibi hakusema kitu, na hilo ndilo lililomtia Fundi hofu. Kwa kawaida, saa hizo Bibi angekuwa ameshatoa kasoro tatu na kisa kimoja cha marehemu mumewe.

Ilipofika saa nne na nusu jua likampiga Bibi usoni. Akajizoazoa, akavuka ua kwa hatua mbili, akaketi kwenye viti vya upande wa pili. Sasa alikuwa ana kwa ana na mjukuu wake. Nafasi kati yao ilikuwa ya mtu kunyoosha mkono akapokea kikombe bila kuinuka. Bibi alimtazama kwa muda, kikombe mkononi.

"Umekonda," alisema.

"Sijakonda, Bibi."

"Mchana unakula wapi?"

"Chuoni."

"Chuo ni kikubwa. Nauliza wapi."

Profesa alitafuta pa kutazama akakosa. Mbele kulikuwa na Bibi, kushoto mama yake, na nyuma ukuta wa jikoni. "Kwenye ngazi," alisema.

Likishatoka neno la kwanza, mengine huwa hayana breki. Alikula kwenye ngazi za nyuma ya maktaba, ngazi ya tatu kutoka chini, maana ukipanda juu zaidi mlinzi anakufukuza. Kati ya kipindi cha asubuhi na cha saa nane palikuwa na saa tano. Wanaokaa bwenini walirudi vyumbani kwao. Wao wanaotokea nyumbani walitawanyika, kila mtu akatafuta kona yake ya kujificha. Ukumbi wenyewe, kabla haujafungwa kukarabatiwa, ulikuwa na viti vya plastiki vilivyopangwa hivihivi, safu kwa safu. Aliwahi kuingia mara moja. Akasimama mlangoni, akaona migongo mitupu, hakujua aende wapi, akajifanya amekosea chumba, akatoka. Wiki saba zimekwisha na hajazungumza na mwanafunzi mwenzake hata mmoja; anayemsemesha ni mlinzi tu, naye huwa anamwambia ahame.

"Jana nimepeleka barua ya kuacha," alimalizia. "Mlezi wa wanafunzi ameniambia nifikirie wiki tatu, kisha nirudi nimpe jibu la mwisho. Nimeshafikiria, mama."

Mama mtu, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake, alimshika mkono tu. Fundi aliinamisha kichwa. Miaka ishirini alikuwa amewatengenezea watu pa kukaa, wengine hata shukrani hawana, kumbe mwanawe mwenyewe hakuwa na pa kuketi akala. Iliuma, na hakuficha kwamba inauma. Alijifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha kochi, mbele ya mkewe na mama yake, na hakuna aliyemtania.

*

Baada ya chakula cha mchana Fundi alimwita binti yake karakanani, akampa chaki.

"Nichoree ukumbi ule," alimwambia. "Sitaki wa kwenye karatasi. Nichoree ule ambao wewe ungeingia."

Profesa akasema hajui kuchora. Baba akasema hata yeye hajui, na amelisha familia kwa kazi hiyohiyo. Basi binti akapiga magoti, akachora sakafuni madirisha matatu, nguzo ya katikati na mlango, kwa shingo upande mwanzoni, lakini alipofika mlangoni mkono ukachangamka. Alikuwa amesimama kwenye mlango ule kwa dakika moja tu, na dakika hiyo alikuwa ameirudia kichwani kila siku kwa wiki saba. Alijua kila kilichomfukuza.

Kwanza, alisema, shida kubwa ni zile hatua za kuingia. Mtu mgeni anahitaji kisingizio cha kusimama. Iwekwe meza karibu na mlango, yenye dumu la maji na vikombe, na ubao wa matangazo, ili mtu ajifanye anasoma huku anaangalia nani yupo. Pili, viti visimpe mgongo anayeingia. Tatu, maegemeo yawe mafupi, usione visogo tu. Nne, si kila mtu anataka kuongea. Yuko anayetaka kuwa peke yake, ila karibu na watu. Huyo apewe kiti chake kimoja pembeni ya dirisha, kiwe kimegeuka kidogo, ili akichoka upweke wake ageuze shingo tu.

"Na soketi ziko wapi?" baba aliuliza.

"Ukuta wa kulia."

"Basi hapo ndipo watajazana. Weka viti viwiliwili, sio kimoja."

Mkewe Fundi, aliyekuja kuchungulia, akavutwa na yeye. Wakasogeza vigoda na ndoo juu ya michoro ya chaki, badala ya viti. Mama akapewa nafasi ya mwanafunzi mwenye haya, akaingia karakanani akinyata na kujificha nyuma ya kapu la vitambaa, mpaka Profesa akacheka, na kicheko hicho kilikuwa hakijasikika nyumbani kwa muda mrefu. Bibi alipewa nafasi ya wale wanaojitanua viti vitatu peke yao. Aliicheza vizuri mno, na kumwondoa ikawa kazi.

Fundi alipima kati ya kiti na kiti kwa namna waliyoigundua uani: Bibi aketi huku, Profesa kule, kikombe kipite. Hapo alama ikapigwa. Kisha, moyo wake ukiwa moto, akawasha mashine ya kukatia chuma, akavikata vyuma virefu vya safu zote nne. Cheche zikaruka mpaka barazani. Jua likizama viti arobaini vilikuwa vimekuwa vya watatu watatu, wawili wawili, na sita vya peke yake, na Fundi alikuwa anapiga mluzi.

Mkewe ndiye aliyezima mluzi huo. "Umewauliza wenyewe?"

Fundi akautazama mchoro wenye mhuri pale ukutani. Alikuwa ameusahau kabisa. Malipo ya awali yalikuwa yameshageuka sponji na vitambaa, na chuma kilichokatwa hakishonwi. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na sasa akaogopa kweli.

"Baba," Profesa alisema taratibu, "ukienda kule, usiseme mimi ni mwanao."

"Unanionea aibu?"

"Kidogo," alisema, kwa kuwa hakuwahi kumdanganya. "Lakini si hilo. Sitaki wanihurumie. Kama naondoka, niondoke bila mtu kunijua."

Fundi akampa neno lake, na mkewe naye akampa. Bibi alikuwa barazani anachambua mchele, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza.

*

Ijumaa iliyofuata walipeleka mzigo. Mlinzi wa lango kuu aliwaelekeza lango la nyuma, kwenye mapipa ya taka, akisema lango la mbele ni la wageni. Fundi alitaka kuuliza wao ni akina nani basi, akayameza maneno. Waliandikishwa majina, saa ya kuingia na idadi ya viti. Bibi alipoulizwa anakuja kufanya nini, akajibu bila kupepesa macho kwamba yeye ni mkaguzi. Mlinzi akaandika hivyohivyo.

Vibarua wawili waliteremsha viti, Fundi akavipanga kwa kufuata chaki aliyoihamisha kichwani. Meza ya maji na ubao wa matangazo vikakaa mlangoni. Alikuwa anarekebisha kiti cha dirishani Msimamizi wa majengo alipoingia, mchoro mkononi, akasimama kana kwamba ameingia nyumba ya mtu mwingine.

"Hii nini?"

Fundi akaanza kueleza habari za mlango, migongo na kikombe. Alieleza vibaya, maana jasho lilikuwa linamtoka na maneno yalikuwa yanagongana. Msimamizi alimsikiliza mpaka katikati, akamkatiza mbele ya vibarua.

"Nilikupa mchoro, sikukupa mtihani. Nani amekwambia ufikirie?"

Vibarua wakainamisha macho. Fundi alisimama na bisibisi mkononi, mtu mzima wa miaka hamsini, kama mtoto aliyevunja sahani. Msimamizi akaendelea: viti vilipangwa vile ili visiibwe, wanafunzi wasipige kelele, wasilale, wasigeuze ukumbi kijiwe. Visivyofungwa sakafuni vitatembea. Havipokei. Vyote virudi, viungwe upya, na muda ukipita kazi apewe mwingine.

Bibi alikuwa ameshaketi kwenye kochi la watu wawili, miguu kainyoosha.

"Kaa, mwanangu," alimwambia Msimamizi. "Umenisimamia kama nimekuibia."

"Nina haraka, Bibi."

"Kiti hujakikalia, utakikataaje? Hata nguo watu hujaribu."

Msimamizi alilelewa vizuri, na hilo ndilo lililomponza. Hakuweza kumwacha mwanamke wa umri ule akizungumza na hewa. Akakaa pembeni ya kiti cha mkabala, nusu makalio, mchoro juu ya magoti. Bibi akamwambia akae kama mtu mwenye mgongo. Akakaa. Alipoegemea, pumzi ikamtoka, na Bibi akaisikia.

Akamuuliza kiuno kimeanza lini. Msimamizi akasema mwaka wa tatu sasa. Akamuuliza nani anamkanda. Akasema hakuna, mke wake kahamishwa kikazi. Na mama yake je, mzima? Mzima, ila hajamwona tangu mwaka jana, kazi zimembana. Bibi hakumlaumu, alimuuliza tu mama huyo anapenda kupika nini, na Msimamizi akajikuta anasimulia jinsi mama yake alivyowahi kuunguza sufuria tatu kwa siku moja kwa ajili ya kusikiliza mpira redioni. Alicheka mwenyewe kabla hajamaliza. Vibarua nao wakacheka, wakaketi bila kuambiwa. Fundi alibaki amesimama, hajui kama anafukuzwa au la.

Walikuwa hivyo Mlezi wa wanafunzi alipoingia. Alikuwa mwanamke mnene wa sauti ya chini, aliyekuja kukagua kwa dakika kumi. Akajimiminia maji mezani, akasimama kusoma ubao ambao haukuwa na tangazo hata moja, akatazama ukumbi, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kiti kilichokuwa wazi karibu na Bibi. Fundi aliona yote hayo, bisibisi mkononi. Binti yake alikuwa amemchora mwanamke yule hatua kwa hatua.

Ilikuwa saa nzima baadaye Msimamizi alipokumbuka hasira zake. Akaitazama saa, akakohoa, akamuuliza Bibi, kwa upole sasa, kwani wao mambo ya chuo yanawahusu nini hata wakabadilisha mchoro.

Fundi aliona linakuja, akamkonyeza mama yake. Bibi hakuwa mtu wa kukonyezwa.

"Yananihusu," alisema. "Mjukuu wangu anasoma hapa. Anakula kwenye ngazi za maktaba, ya tatu kutoka chini. Tangu aje hajapata wa kuongea naye, na sasa ameandika barua ya kuacha. Huu ukumbi ameuchora yeye."

Fundi alifumba macho. Mtama umeshamwagika. Mlezi wa wanafunzi akaweka kikombe chake chini.

"Nina barua saba za kuacha muhula huu," alisema. "Zote za wanaotokea nyumbani. Zote zimeandikwa 'sababu binafsi.' Hakuna hata mmoja aliyeniandikia habari za ngazi."

Hakuuliza jina la mjukuu. Alimgeukia Msimamizi, wakazungumza kwa sauti ya chini kwa muda, yeye akisisitiza, mwenzake akikuna shingo. Mwishowe Msimamizi akanyanyuka, kwa shida, maana kiti kilikuwa kimemzoea, akatoa uamuzi. Viti vibaki wiki mbili. Kiti kimoja kikipotea, au kelele zikifika maktaba, Fundi atavichomelea upya kwa gharama yake na kuvifunga sakafuni vyote arobaini. Wakitoka, akamtuma mtu awafungulie lango la mbele.

*

Profesa alipojua Bibi ameropoka, hakumsemesha siku mbili. Kwa Bibi hiyo ilikuwa adhabu nzito kuliko kifungo. Alimwomba radhi kwa mafumbo, akamwomba kwa kukohoa, akamwomba kwa kumwachia kipande kikubwa cha mkate. Siku ya tatu akamwomba kwa maneno ya kawaida, akasema alishindwa kuona mwanawe anadhalilishwa na yeye ana ulimi. Profesa akamkumbatia, lakini neno la kubaki chuoni hakulisema.

Wiki ya kwanza iliisha vibaya. Ukumbi ulifunguliwa, na kila jioni Fundi aliuliza habari zake akijifanya anaulizia miguu ya viti. Profesa alijibu kwamba ameona watu wameingia. Yeye je? Yeye alikula kwenye ngazi. Alisema wazi kwamba kuingia pale sasa ni vigumu kuliko zamani, maana akikosa pa kukaa hata kwenye ukumbi alioupanga mwenyewe, basi kasoro ni yake. Fundi alirudi karakanani akagonga kitambaa cha mteja juu chini, ikabidi afumue.

Wiki ya pili Profesa akaanza kuchelewa kurudi. Alikuwa akifika saa kumi, sasa anafika jua limezama. Wazazi walimuuliza, akasema alikuwa chuoni, akaingia kuoga. Kichwani mwake mama mtu alimwona kwenye ngazi za maktaba peke yake giza likiingia, na picha hiyo ikamnyima raha hata cherehani ikamchosha. Mumewe alitaka kumbana aseme. Mkewe akamkataza. Alisema mtoto akibanwa atajibu lile la karibu, na la karibu huenda likawa baya.

Jumatano simu ikalia. Ni Msimamizi wa majengo. Amehesabu viti, viko thelathini na tisa. Fundi alimsikiliza huku amesimama, akajibu ndiyo mzee, ndiyo mzee, akakata, akaanza kuhesabu kichwani ni fimbo ngapi za kuchomelea atahitaji. Nusu saa baadaye simu ikalia tena. Kiti kimepatikana. Kiko kwenye kibanda cha mlinzi wa maktaba, na mlinzi mwenyewe yuko juu yake. Anasema wanafunzi ndio waliomletea, wakamwambia wameona anasimama kutwa nzima.

"Sasa huo ni wizi au si wizi?" Msimamizi aliuliza, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyekasirika. Kabla Fundi hajajibu, akaagiza kitengenezwe kingine cha kuziba nafasi. Fundi alikaa chini, akacheka peke yake, halafu akakumbuka kwamba viti si tatizo lake kubwa. Ijumaa ya jibu la mwisho ilikuwa keshokutwa.

*

Ijumaa hiyo hakuna aliyefanya kazi ya maana. Fundi alikuwa na seti ya mteja haijamalizika, imekaa mifupa na sponji uani, akaizunguka tu na nyundo. Mkewe alitunga uzi kwenye sindano, akautoa, akautunga tena. Bibi alikuwa ameapa kutouliza chochote mtoto akirudi. Kila nusu saa aliwakumbusha wenzake kwamba ameapa.

Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja na nusu mlango wa ua ukasukumwa, akaingia Profesa, na nyuma yake kijana mrefu aliyeinama asigonge kichwa, na nyuma yake wasichana wawili, na nyuma yao kijana mwingine amebeba begi la mtu. Ua ule mwembamba ukajaa. Wakasalimia wote kwa pamoja, shikamoo zikagongana, Bibi akazipokea moja moja bila kuruka hata moja.

"Hawa ni wenzangu," Profesa alisema, kama vile huleta wageni kila siku. "Wiki ijayo tuna jaribio. Ukumbi umejaa, nikawaambia waje tusomee hapa."

Mama aliwahi jikoni kuongeza maji kwenye sufuria, kwanza kwa sababu wageni walikuwa wanne, na pili kwa sababu machozi yalikuwa yanamtoka na hakutaka wageni waanze kumjua kwa machozi. Fundi akasema karibuni, karibuni, mpaka akawa anarudia bila kujua. Wageni wakajipenyeza kwenye viti vya mifupa, magoti yakigusana.

Msichana mmoja, mwenye miwani, akamuuliza Fundi kama ni kweli yeye ndiye aliyetengeneza vile viti vya chuoni. Fundi akamtazama binti yake kwanza, kwa sababu alikuwa ametoa neno.

"Nilishawaambia, baba," Profesa alisema.

"Hakutuambia, alitugombeza," yule msichana alisema. "Jumatatu huyu mrefu alikaa juu ya mkono wa kochi. Binti yenu alikuwa anapita nje, barazani, hata hatumjui. Akaingia mbio, akamwambia ashuke, mkono wa kochi si wa kukalia, fremu inalegea, baba yake hakulala wiki nzima kwa ajili ya fremu hizo. Sote tukanyamaza. Halafu akaona aibu akataka kutoka, tukamwambia basi kaa wewe utuoneshe."

"Nikakaa," Profesa alisema.

"Akakaa, na mpaka leo anatuonesha," alisema yule mrefu.

Bibi alivumilia kadiri alivyoweza, na ilikuwa kama dakika moja. Alijisogeza mbele, akamshika mjukuu wake goti.

"Na ile barua je?" alimuuliza mbele ya wote.

Fundi alisimama na nyundo mkononi. Mama mtu akatokea mlangoni mwa jikoni, mwiko umejaa povu la chai. Profesa hakuwa anamsikiliza Bibi vizuri; alikuwa amemtolea macho yule kijana mrefu, aliyekosa nafasi na sasa alikuwa anajiweka taratibu juu ya mkono wa kochi la mteja.

"Barua gani, Bibi?" alisema. "Wewe, shuka hapo."